Bomba au Sabuni

Jumatatu, 3 Juni

Kamera ya kliniki imekufa leo. Na imefia pabaya — ndani ya mdomo wa mtu! Mgonjwa kajilaza kitini, midomo imepanuliwa kwa vile vidude vya plastiki, mimi kioo mkono huu, kamera mkono huu. Nabonyeza. Kimya. Nabonyeza tena. Lenzi ikatoka, ikarudi, ikatoka, ikarudi, kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Kisha giza. Mgonjwa ananikodolea macho tu, hawezi hata kuuliza kulikoni.

Daktari akasema tuiache ipumzike. Tumeiacha kutwa nzima. Imepumzika moja kwa moja.

Bila kamera, kazi ya meno ya bandia imesimama. Fundi wetu wa meno yuko mji mwingine na hajawahi kumwona mgonjwa wetu hata mmoja. Anachokiona ni picha zangu: fizi, umbo na rangi. Hasa rangi. Weupe wa meno uko wa kila aina, na jino la mbele likipishana kidogo tu na jirani yake, mtu anatembea na taa mdomoni. Kwa hiyo mimi ni mpiga picha, tena wa siku nyingi, ila wa vyumba vya ndani kabisa.

Mchana Daktari kaja na wazo. Tununue kamera nusu kwa nusu: siku za kazi iwe ya kliniki, wikendi iwe yangu. Nimekubali kabla hajafunga mdomo. Tena nichague mimi, kasema, maana mimi ndiye ninayeishika. Nikamkumbatia na glavu zangu zote.

Ndiyo shida ikaanza hapo. Kliniki inataka kamera ya kuona karibu. Mimi nataka ya kuona mbali! Binti yangu ndiye mfungaji wa timu ya netiboli ya shule. Wanamwita Ngongoti, kwa urefu, na jina limemkaa. Sina picha yake hata moja akiwa uwanjani. Ninazo za kivuli kirefu chenye soksi.

Halafu kuna Mama. Meno yake yanafika Ijumaa!

Mama yangu alipoteza meno ya mbele fizi zilipougua, mimi nikiwa na mimba ya Ngongoti. Tangu hapo akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Nimefanya kazi kwa daktari wa meno miaka yote hii na yeye alikuwa hataki hata kupita mtaa wa kliniki. Mwaka huu kakubali. Anasema ni kwa ajili ya karanga, amechoka kuzinyonya. Sawa, na ziwe karanga. Ila juzi nilikuwa napanga albamu na Ngongoti, na kila picha ya Mama: kiganja. Ngongoti kabatizwa kiganja, kaanza shule kiganja, harusi ya mdogo wangu kiganja. Mtoto akaniuliza, hivi Bibi anachekaje?

Mimi nakikumbuka kicheko kile. Kilikuwa kinawatoa majirani ndani. Mwanangu kaishi nyumba moja na bibi yake maisha yake yote na hajawahi kukiona.

Nakitaka kwenye picha. Kamera yoyote itakayonipa hicho ndiyo yangu.

Jumanne, 4 Juni

Duka la kamera liko ghorofani, juu ya duka la miwani. Mwenye duka ni bwana mmoja mpole, shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Nampa jina la Bwana Kamera. Akaniuliza napiga picha za nini.

"Meno," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, mtaalamu, kana kwamba anaambiwa hivyo kila siku. Na nini kingine?

"Netiboli."

Akavuta kiti akaketi.

Kaniletea mbili. Ya kwanza ndogo, inateleza, inaingia kiganjani kama kipande cha sabuni. Ina taa ya duara kuzunguka lenzi. Nikapiga picha ya kidole changu nikaona mistari ambayo sikujua ninayo. Unaisogeza hadi inakaribia kugusa, na bado inaona! Lakini mtu wa upande wa pili wa barabara anatoka kama kiroboto.

Ya pili — mama yangu! Lenzi imejitokeza mbele kama bomba la maji. Nikaielekeza dirishani nikaona mlinzi wa benki kule ng'ambo, nikaona vifungo vyake, nikaona kwamba kakosea kufunga kimoja. Nikageuka nimpige Bwana Kamera: ukungu mtupu. Rudi nyuma, dada'angu, rudi tena. Nikarudi hadi nikagonga mlango. Hapo ndipo akaonekana. Kwenye chumba chetu cha kliniki ningepigia picha korido.

Ipo kamera inayofanya yote mawili, kasema, akaitaja bei kwa sauti ya msibani. Tukaiacha ilale.

Kwa hiyo Sabuni au Bomba. Nimekaa pale nikizishika kwa zamu mpaka nikaona haya. Zikiwa kwangu walau wiki moja ningejua! Nikamwomba. Akasema hapana, haazimishi. Mpole lakini hapana.

Nilipokuwa natoka nikamwona anabonyeza shavu lake la kulia. Nilitabasamu ngazi zote.

Jumatano, 5 Juni

Sina mbavu!

Bwana Kamera kaja saa tatu asubuhi, shavu limevimba kama kaficha chungwa. Gego la chini. Alikuwa amepandwa na hofu, shati lile la pasi limelowa mgongoni. Daktari kampiga ganzi, kamjaza pamba, kashika koleo. Halafu, kwa sauti ile anayotumia kwa watoto, akamwomba: hizo kamera mbili tunaweza kukaa nazo hadi Jumamosi ya tarehe kumi na tano, tuzijaribu?

"Aaa," akasema Bwana Kamera.

"Kakubali," akasema Daktari. "Wewe ni shahidi."

Jino limetoka zima, halikumsumbua. Alipoinuka kitini akacheka mwenyewe, nusu mdomo, maana nusu nyingine haikuwepo. Mchana kazileta kwa mkono wake. Amesema fainali ya netiboli ya shule ikiisha Jumamosi hiyo atapita uwanjani kuchukua moja, yuko jirani. Ipi, niamue mimi.

Nimezipanga kitandani. Nimelala pembeni kama mgeni.

Ijumaa, 7 Juni

Meno ya Mama!

Alikuja na gauni la kutokea. Kaketi kitini wima kabisa, mkoba mapajani, kama anasubiri treni. Daktari akamwita Mama tangu mlangoni, akamshika bega, akamweleza kila kitu kabla ya kukifanya. Mama akajibu ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, na mkoba haukutoka mapajani.

Nikapiga kwa Sabuni. Kabla. Baada. Ukweli lazima niuandike: Sabuni ni mchawi! Fizi zimetoka kila mkunjo, rangi ndiyo yenyewe, hakuna kivuli. Daktari kazivuta kwenye kompyuta akapiga makofi. Fundi wa meno kapiga simu mwenyewe, jambo ambalo halifanyi, kuuliza nimenunua mashine gani.

Meno yamemkaa Mama vizuri hadi nikasahau jinsi alivyokuwa dakika moja kabla. Nikamgeuzia skrini aone.

Akaangalia. Akaangalia tena.

"Haya meno ya nani?"

Yako, Mama!

"Ungeniwekea ya mtu mwingine ningejuaje?"

Na kweli. Picha ina meno sita ya juu, midomo imevutwa kando na plastiki. Mama hayumo. Nimepiga maelfu ya picha za namna hii na leo ndiyo mara ya kwanza naona kwamba hakuna mtu ndani.

Daktari akatania kwamba sasa karanga zijiandae. Mama akacheka — na kiganja kikapanda! Pa! Mdomo umejaa meno mapya mazuri na kiganja kimefunika yote. Tukaangaliana, mimi na Daktari. Mama naye kakiangalia kiganja chake, akakishusha taratibu, akakiweka juu ya mkoba.

Jioni nimeshona kifungo kilichokuwa hakijang'oka. Ndivyo ninavyofanya nikiwa na jambo.

Jumamosi, 8 Juni

Nusu fainali. TUMESHINDA! Ngongoti kafunga hadi refa akachoka kupuliza.

Nilikuwa na Bomba. Nimesimama kwenye kona, miguu imepanuka, najiona mwandishi wa habari. Bomba inavuta, kwikwikwi, uso wa mtoto unakuja hadi unataka kuushika. Nimebonyeza bila kupumua. Mzazi mmoja kaniuliza natoka gazeti gani! Nikamwambia gazeti la nyumbani.

Mama hakuja, alikuwa na sketi za watu za kumalizia. Na zile za timu kashona yeye, zote, na mtu wa pale akiuliza nani kashona nasema mama yangu.

Sauti imekauka. Picha nitaziangalia kesho na wa nyumbani.

Jumapili, 9 Juni

Jamani.

Tumeunganisha Bomba na televisheni. Sote watatu kwenye kochi. Ngongoti kaketi mbele, magoti kidevuni, anasubiri kujiona.

Picha ya kwanza: mdomo wake. Ya pili: mdomo wake, wazi zaidi. Ya tatu: meno ya chini ya mlinzi wa timu pinzani. Ya nne, mlinzi huyohuyo, magego.

"Mama," akasema Ngongoti. "Mpira uko wapi?"

Nikamwambia utakuja. Haukuja. Nimepiga picha za mechi nzima ya netiboli na hakuna mpira hata mmoja! Hakuna pete ya goli. Hakuna mikono, na Ngongoti ni mikono mitupu! Kila mtu kakatwa kuanzia puani kwenda juu na kidevuni kwenda chini. Mkono wangu umezoea kazi moja, na nilipopewa uwanja mzima ukaenda moja kwa moja mdomoni. Hata refa. Filimbi imekatwa nusu, lakini meno yake yote yapo, na moja linahitaji kuzibwa.

Ngongoti kaanza kwa kununa. Akaishia sakafuni, kashika tumbo. Mimi machozi. Na Mama —

Mama alicheka. Nilimsikia kabla sijageuka, kile chenyewe, kimeanza chini kikapanda. Nikageuka upesi. Kiganja. Nikaiwahi Bomba. Kwanza imefungwa waya. Pili yuko karibu mno, haioni. Nikakimbilia Sabuni chumbani, nikarudi mbio.

Alikuwa ameshamaliza. Ananiuliza mbona nahema.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwonyesha Daktari zile picha nikitegemea atanihurumia. Kavuta miwani.

"Huyu chonge limepanda juu. Mwambie aje."

Daktari, hii ni nusu fainali!

"Na huyu anasaga meno usiku. Maskini. Ni namba ngapi?"

Kamaliza zote. Kaandika wachezaji watatu na kocha mmoja. Ndipo akaniuliza, hivi nani alishinda?

Kwa hiyo niko pamoja na mwenzangu. Imenipunguzia aibu.

Jumanne, 11 Juni

Nimeanza kumwinda Mama. Ninajua si neno zuri kumwambia mzazi.

Asubuhi nilijificha na Bomba nyuma ya nguo zilizoanikwa. Mama uani kwenye cherehani, jirani yake anampa umbea. Umbali mzuri kabisa. Nikamvuta: uso, miwani, nywele za mvi zilizochomoza kwenye kitambaa. Nikasubiri. Jirani akafika patamu, Mama akaanza kutikisika mabega, na nilipogusa tu kitufe — kiganja. Kimepanda kabla ya kicheko! Kina macho yake.

Halafu akasema, bila kugeuka, toka kwenye shuka zangu zimekauka.

Jumatano, 12 Juni

Leo nimeacha kamera ndani. Nimemshikia pindo za nguo akikata nyuzi, nikamuuliza tu kuhusu kiganja.

Hakukasirika. Akasema nikicheka kinapanda chenyewe, mwanangu, wala sikitumi. Akanionyesha kiganja kana kwamba ni cha mtu mwingine. Akasema amejaribu mbele ya kioo, mlango kaufunga, na kioo hakichekeshi. Kisha akaongeza, polepole, kwamba anajua Ngongoti aliniuliza nini kuhusu yeye. Alisikia. Nyumba yetu kuta zake ni karatasi.

"Ndiyo maana niliyataka hayo meno," akasema. "Karanga nitazifanyia nini mimi?"

Nimempenda mama yangu leo mpaka kifua kimeniuma. Tumemaliza pindo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeamua: Sabuni. Kliniki inaihitaji, wagonjwa wanasubiri, na mimi hata nikipewa Bomba naishia kwenye magego ya watu. Nimemwambia Daktari. Kafurahi. Basi imekwisha.

Ijumaa, 14 Juni

Haijaisha. Nataka Bomba.

Leo kaja bibi mmoja wa meno ya juu kuchukua yake. Nikampiga kwa Sabuni, safi, kama kawaida. Akaondoka. Dirishani nikamwona mumewe anamsubiri kule ng'ambo ya barabara, na yule bibi akavuka, akasimama mbele yake, akafungua mdomo. Yule mzee akarusha kofia juu! Barabarani! Nikainyakua Bomba dirishani nikawapata wote wawili, kofia ingali hewani. Tena safari hii nilipanua, nikajilazimisha: watu wazima, miguu, kofia, vyote.

Daktari kaiangalia picha ile muda mrefu, koti lake bado lina unga wa meno. Akasema tunatuma meno kwa fundi tangu siku ya kwanza, lakini hatujawahi kumtumia hii. Kamtumia. Fundi hajapiga simu. Ameandika tu: asanteni, nimemwonyesha mke wangu.

Sasa Daktari naye hajui. Jana alikuwa na uhakika, leo anasema amua wewe, mimi nimechoka. Anaimba kwenye korido.

Kesho fainali. Kesho Bwana Kamera anataka moja. Mama anakuja, kamaliza kazi za watu zote. Nimechaji zote mbili.

Jumamosi, 15 Juni

Naandikia uwanjani. Kalamu ya kuazima, daftari gotini, mwandiko huu nitausoma kwa shida. Tuko benchi la juu, Mama kulia kwangu, mkoba mapajani. Kavaa gauni la kutokea. Jua zuri. Watu wamejaa hadi kwenye ukuta.

Robo ya kwanza: nipo na Bomba, nasema kwa sauti mpira, mpira, mpira. Mtu wa mbele kanigeukia. Lakini nimeupata! Ngongoti hewani, mikono miwili juu, mpira unatoka vidoleni, pete iko kwenye kona ya picha. Ana uso, ana miguu, ana kila kitu. Mwanangu anaruka vile na mimi sikujua. Nimemwonyesha Mama kwenye skrini, kaigusa kwa kidole.

Robo ya pili: tuko nyuma kwa goli moja. Nimejaribu kumgeuzia Mama. Yuko karibu mno, ukungu. Nikainuka nirudi nyuma. Kiganja tayari kimefika kidevuni.

"Kaa chini, unawaziba watu."

Nikakaa.

*

Mapumziko. Lazima niandike upesi.

Mama aliniuliza hilo dude linaona nini hasa. Nikamvisha mkanda shingoni, nikamwekea mikononi. Ni zito, akalalamika, akalishika kwa mikono miwili, wa chini unabeba lenzi, wa juu kwenye kitufe. Nikamfundisha kuvuta. Kwikwikwi. Akaruka kidogo kwenye benchi.

Kwanza akamtafuta refa. Akasema refa ana kishimo shavuni, kijana mzuri, kaoa? Kisha akamtafuta kocha wa wale wengine, akamkuta kageuka ukutani anakula ndizi kwa siri, shavu zima kajaza. Mama akaanza kutikisika. Kisha akampata Ngongoti. Ngongoti alikuwa anakunywa maji peke yake, anadhani hakuna anayemwona, na alikuwa anamwigiza refa: kiuno, kidole, mashavu ya filimbi, vyote.

Mama akacheka.

Niliuona mkono wa kushoto ukianza kupanda. Bomba ikainama mbele, karibu iende zake, na mkono ukarudi mbio kuikamata. Ukajaribu tena. Bomba ikainama tena! Hakuna mkono wa ziada. Mikono yote miwili iko kazini, jicho liko kwenye kamera, na chini ya kamera mdomo umefunguka wote, na kile kicheko kikatoka, kile kile, kimeanza chini kikapanda, meno mapya mbele na ya zamani nyuma, yote nje juani.

Sijui Sabuni ilitokaje mfukoni. Kati yangu na Mama ni kiwiko tu. Bomba isingeona chochote hapo. Nikabonyeza. Nikabonyeza. Nikarudisha mkono nyuma kidogo, awemo wote, kitambaa, macho, Bomba shingoni. Nikabonyeza. Sabuni haina sauti, Mama hakujua.

Benchi zote za chini ziligeuka. Na kule uwanjani Ngongoti akaacha kuigiza. Kashika chupa, anatafuta sauti inatoka wapi. Akapandisha macho benchi kwa benchi hadi akafika kwetu. Akamwona.

Akasimama tu. Mwenzake akamvuta mkono, hakusogea.

Mama naye alimwona kwenye Bomba, nadhani, uso mzima, karibu kabisa. Maana aliacha kucheka, akasema taratibu, "Ananiangalia mimi." Na bado hakuziba.

Nalia hapa kama mtoto na watu wanadhani ni kwa sababu ya lile goli moja.

*

Robo ya tatu imeanza. Mama kagoma kurudisha Bomba! Nimeinyoosha mikono, kanipiga kiwiko. Amegundua kwamba ukishikilia kitufe picha zinatoka mfululizo, tatatata, na sasa anampiga kila mtu, hata mwokota mipira. Anacheka peke yake.

Picha za Sabuni sijaziangalia. Naogopa. Nimeishika tu.

Bwana Kamera amefika. Shavu limepona, shati linasimama. Kaniamkia, kamwamkia Mama, kaona hali ilivyo shingoni mwake. Ameniuliza kwa upole ipi arudi nayo.

Mama kamjibu bila kutoa jicho.

"Baba, kaa kwanza. Mjukuu wangu anafunga."

Amekaa. Ngongoti kafunga. Tumesawazisha! Bwana Kamera kashangilia kuliko sisi, kisha kakumbuka kilichomleta. Kaniinamia. Basi ile kubwa haitoki pale, anaona mwenyewe. Basi dada'angu, unipe hii ndogo?

Naandika kwa mkono mmoja. Ule wa pili umeenda mgongoni wenyewe, sijautuma, na Sabuni imo ndani yake. Anaisubiri. Nimemwambia subiri kidogo, mpira umerudi kwa Ngongoti, yuko chini ya pete, Mama kasimama, mikono yote miwili kwenye Bomba —